Namba ya EC Imegoma, Umbo Halilingani: Utatuzi wa Matatizo ya Hifadhidata za Protini

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu au mtu wa maabara wa Nyanda za Juu Kusini anayefungua hifadhidata ya miundo ya protini akiwa na swali lake mkononi: kwa nini parachichi la Rungwe hugeuka jeusi likikatwa, chai ya Mufindi inapataje rangi yake, kimelea cha malaria kinaikwepaje dawa ya SP. Hitilafu zilizopangwa hapa ni zile zinazojirudia. Kila dalili ina visababishi vyake, kinachotokea sana kikitangulia.

Kuna jambo la kushika kwanza, maana nusu ya usumbufu wote unatoka hapo. Namba ya EC inataja kazi ya kimeng'enya. Haisemi lolote kuhusu umbo lake. Orodha ya kwanza ya namba hizo ilitoka mwaka 1961 na leo inasimamiwa na IUBMB, umoja wa kimataifa wa wanabiokemia. Papaini ya utomvu wa papai, kwa mfano, ni EC 3.4.22.2: 3 ni hidrolasi, yaani hukata kwa kutumia maji, 4 inaonyesha kinachokatwa ni kifungo cha peptidi, 22 inasema sisteini ndiyo inayofanya kazi, 2 ni nafasi yake kwenye orodha. PDB, hifadhidata kuu ya miundo ya protini, iliyoanza mwaka 1971 Brookhaven, Marekani, ikiwa na miundo 7 tu, inatunza kitu kingine kabisa: mahali ilipo kila atomu. Fikiria daftari la mafundi na albamu ya picha zao. Maseremala wawili wako ukurasa mmoja wa daftari, lakini hakuna aliyesema lazima wafanane sura.

Dalili ya 1: Umetafuta kwa namba ya EC, umepata sifuri au matokeo mawili matatu tu

Anza kwa kuangalia umeandika wapi. Kisanduku cha juu cha ukurasa kinatafuta maneno ya kila aina. Kwenye tovuti ya RCSB, mojawapo ya milango ya PDB, ingia utafutaji wa kina, chagua sehemu ya namba ya uainishaji wa vimeng'enya, kisha uandike namba peke yake, bila herufi "EC" na bila nafasi. Hilo peke yake huwatoa wengi kwenye shida.

Ikigoma bado, shuku kwamba namba imehamishwa. Hiki ndicho kisababishi kikuu kwa anayetumia kitabu cha zamani au notsi zilizotolewa fotokopi mwaka hadi mwaka. Agosti 2018 liliongezwa kundi la saba, translokasi, la vimeng'enya vinavyovusha ioni au molekuli kwenye utando, na namba nyingi zikahama nyumba. Kati ya hizi nne, mbili za kwanza ziliingia kundi hilo; mbili za mwisho zilihama kwa sababu nyingine:

- ATP sinthasi: ilikuwa 3.6.3.14, sasa ni 7.1.2.2
- sitokromu c oksidasi: ilikuwa 1.9.3.1, sasa ni 7.1.1.9
- DNA jairasi, inayolengwa na siprofloksasini: ilikuwa 5.99.1.3, sasa ni 5.6.2.2
- ribonukleasi ya kongosho: ilikuwa 3.1.27.5, sasa ni 4.6.1.18

Huo wa mwisho huwachanganya hata walimu, kwa sababu kimeng'enya kimetoka hidrolasi kikaingia liasi, kundi la 4, linalokata bila kutumia maji. Sababu yake iko kwenye kemia. Ribonukleasi inapokata RNA, hatua ya kwanza haitumii maji. Inaacha fosfeti iliyojifunga duara, na maji huja baadaye kuifungua. Kwa kuwa namba hufuata mmenyuko, wataalamu walipoutazama upya mmenyuko, namba nayo ilibidi ihame. Protini yenyewe haikubadilika hata atomu moja.

Cha kufanya: fungua orodha ya EC kwenye tovuti ya ExplorEnz au hifadhidata ya ENZYME ya Expasy, andika namba ya zamani, nayo itakuelekeza kwenye mpya. Kisha tafuta kwa zote mbili, kwa sababu majedwali yaliyopakuliwa miaka ya nyuma bado yana za zamani.

Kisababishi kinachofuata ni kuchukua namba ya CATH ukidhani ni EC. CATH inapanga maumbo, nayo imechagua kuandika kwa tarakimu nne zenye nukta katikati, jambo ambalo kwa kweli si hisani kwa mgeni. Lisozimu ya yai la kuku ni CATH 1.10.530.10, wakati EC 1.10.3.1 ni katekoli oksidasi, mojawapo ya vimeng'enya vinavyoligeuza parachichi kuwa jeusi. Tazama namba ya pili na ya tatu. CATH mara nyingi hutumia makumi na mamia, kama 3.40.50.720. Hakuna EC inayoanza na 3.40.

Wengine hukwamishwa na jina. "Polifenoli oksidasi" ya kwenye vitabu vya chai na matunda inabeba namba mbili, 1.10.3.1 na 1.14.18.1, kutegemea kama kimeng'enya kinaanza na fenoli moja au na katekoli. Tafuta zote mbili.

Mwisho, inawezekana kweli muundo haupo. Hapo usitafute kwa jina la zao lako peke yake. Tafuta ndugu yake wa karibu. Kwa anayeshughulika na weusi wa matunda, katekoli oksidasi ya viazi vitamu ipo kama 1BT3, na ni pa kuanzia pazuri. Kama nayo haitoshi, nenda AlphaFold DB, hifadhidata ya maumbo yaliyokadiriwa na kompyuta, ila usome kwanza dalili ya 6.

Ukiona namba yenye kistari, mfano 3.4.21.-, au yenye herufi n kwenye sehemu ya mwisho, si kosa la uchapaji. Kistari maana yake kazi haijajulikana hadi mwisho. N ni namba ya muda iliyowekwa na UniProt, hifadhidata ya mfuatano wa protini, kusubiri ile rasmi. Usiijaze kwa kukisia.

Dalili ya 2: Jedwali lilikuwa sawa, ukalifungua kwenye Excel, vitambulisho vimegeuka

Kitambulisho cha PDB kina herufi na tarakimu nne, ya kwanza ikiwa tarakimu kati ya 1 na 9. Excel ikikutana na 1E79, ambao ni muundo wa ATP sinthasi ya ng'ombe, inasoma "moja ikifuatiwa na sifuri 79" na kukuandikia 1.00E+79. Ikikutana na 1MAR, aldosi reduktasi ya binadamu, inaona tarehe mosi Machi. Namba za EC zilizokatwa kama 3.4.21 nazo huweza kugeuka tarehe kwenye kompyuta iliyopangwa kuandika tarehe kwa nukta.

Usijaribu kutibu kwa kubadili muundo wa seli baada ya faili kufunguka. Hapo kitambulisho kimeshapotea na unachokiona ni namba nyingine. Fanya hivi:

1. Funga faili bila kuhifadhi.
2. Fungua Excel tupu, ingia menyu ya data, chagua kuleta faili la maandishi au CSV.
3. Kabla ya kupakia, weka safu ya vitambulisho na safu ya EC ziwe maandishi.
4. Ukimaliza, pima urefu kwa =LEN(A2) na uteremshe hadi chini. Isiyo 4 ina tatizo.

Njia ya kudumu zaidi ni kuandika kitambulisho kwa mtindo mpya wa herufi 12, pdb_00001e79. Hakuna programu ya majedwali itakayodhani hiyo ni tarehe. Na kama herufi ya kwanza ya kitambulisho ulichonakili ni l au I, ujue ilikuwa 1.

Ikiwa jedwali lililoharibika tayari limehifadhiwa na nakala ya mwanzo haipo, acha kurekebisha kwa mkono. Pakua upya.

Dalili ya 3: Rekodi moja ina namba mbili za EC, au namba imemwangukia asiye kimeng'enya

Rekodi ya PDB si protini moja. Ni kila kilichokuwemo kwenye fuwele au sampuli iliyopimwa maabara. Rekodi 2PTC ina mnyororo E, ambao ni tripsini (EC 3.4.21.4), na mnyororo I, kizuizi kidogo kutoka kongosho la ng'ombe kilichokaa kwenye mdomo wa tripsini kama kizibo. Ukichukua namba ya EC ya "2PTC" na kuibandika kwenye minyororo yote, umempa kizuizi kazi ya yule anayemzuia. Anayechunguza vizuizi vya tripsini kwenye maharage na soya hukutana na tatizo hili siku ya kwanza.

Ukaguzi rahisi: kwenye ukurasa wa rekodi teremka hadi orodha ya molekuli, uone namba imeandikwa chini ya ipi. Kwa kazi ya rekodi nyingi, tumia faili liitwalo pdb_chain_enzyme la SIFTS, mradi unaooanisha PDB na UniProt, linalooanisha namba na kila mnyororo badala ya rekodi nzima.

Namba mbili kwenye mnyororo mmoja ni jambo jingine, na mara nyingi ni sahihi. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina protini moja yenye asidi amino 608 inayofanya kazi mbili: upande mmoja ni dihaidrofoleti reduktasi (1.5.1.3), mwingine thimidileti sinthasi (2.1.1.45). Kwa binadamu hizo ni protini mbili tofauti. Pirimethamini iliyomo kwenye SP hulenga ule upande wa kwanza. Sulfadoksini hulenga kimeng'enya kingine kabisa. Miundo yake ipo: 1J3I ni ya asili, 1J3K ina mabadiliko manne yaletayo usugu, N51I, C59R, S108N na I164L. Linganisha mazingira ya nafasi ya 108 kwenye yote mawili, utaona serini ndogo imeachia nafasi asparajini iliyo kubwa zaidi, palepale dawa inapotakiwa kukaa.

Simama hapo. Muundo unaeleza usugu unavyotokea. Haumwambii mgonjwa wala mama mjamzito abadilishe dawa. Hilo ni la mganga na mwongozo wa taifa.

Dalili ya 4: Namba ya EC ni moja, lakini maumbo yanakataa kulaliana

Programu imekupa RMSD (wastani wa umbali kati ya atomu zilizolinganishwa) kubwa au TM-score (kipimo cha kufanana, 1 ikiwa ni kufanana kabisa) chini ya 0.5, nawe unadhani umekosea kupakua. Hakikisha kwanza umelinganisha mnyororo kwa mnyororo, si rekodi nzima kwa rekodi nzima. Kama ulifanya hivyo, huenda hujakosea. Kaboniki anhidrasi zote ni EC 4.2.1.1, na zinki ndiyo inayofanya kazi, lakini ya binadamu (1CA2), ya njegere (1EKJ) na ya Methanosarcina thermophila (1THJ) hazina undugu. Ni kazi moja iliyobuniwa mara tatu. Beta-laktamasi, zinazowapa bakteria usugu wa penisilini, nazo ziko zote 3.5.2.6, ilhali TEM-1 (1BTL) hutumia serini na NDM-1 hutumia zinki. Anayechagua kizuizi cha mojawapo kwa kutazama namba ya EC peke yake atachagua kisichofanya kazi.

Kinyume chake pia kipo. Umbo la pipa lililoanza kuonekana kwenye triosi fosfeti isomerasi ya kuku (1TIM, EC 5.3.1.1) limo pia kwenye alfa-amilasi ya shayiri (1AMY, EC 3.2.1.1), ile inayovunja wanga wakati wa kuandaa kimea. Na maziwa yana alfa-laktalbumini, muundo 1F6S ukiwa wa ng'ombe, ambayo sura yake ni ya lisozimu kabisa, lakini haina jozi ya Glu35 na Asp52 (asidi amino za nafasi ya 35 na 52) inayoifanya lisozimu iue bakteria. Kazi yake ni kukishika kimeng'enya kingine kwenye kiwele ili kitengeneze laktosi. Kwa hiyo mtu akikuletea protini isiyojulikana, akasema programu ya kulinganisha maumbo, Foldseek au DALI, imeonyesha inafanana na lisozimu na hivyo ni EC 3.2.1.17, mrudishe akaangalie asidi amino zinazofanya kazi. Hifadhidata ya M-CSA inaziorodhesha, pamoja na hatua za mmenyuko.

Kanuni ya kufuata: ukitaka kujua kazi, anza na EC, ukitaka undugu, anza na hifadhidata za familia za protini: CATH, SCOP au Pfam. Usitumie kimoja kujibu swali la kingine.

Dalili ya 5: Makala inasema Cys25, hifadhidata inasema Cys158

Zote mbili ziko sawa. Cys ni sisteini, namba ni nafasi yake kwenye mnyororo. UniProt huhesabu tangu asidi amino ya kwanza kutengenezwa, pamoja na kipande kinachokatwa baadaye. Papaini hupoteza asidi amino 133 za mwanzo, hivyo 25 + 133 = 158. Lisozimu ya kuku hupoteza 18, ndiyo maana Glu35 inakuwa 53 na Asp52 inakuwa 70. Jedwali la SIFTS linakupa tofauti hiyo kwa kila mnyororo. Usilikadirie kwa jicho, kwa sababu baadhi ya protini zina mapengo au herufi za nyongeza katikati, na tofauti haibaki ileile mwanzo hadi mwisho.

Kisababishi cha pili kimejificha ndani ya faili la mmCIF, muundo mpya wa faili za PDB. Kila asidi amino ina namba mbili humo, ya mtafiti aliyewasilisha (auth_seq_id) na ya mfumo (label_seq_id), na minyororo nayo ina majina mawili kwa mtindo huohuo. Programu yako ikisoma moja na ya mwenzako ikasoma nyingine, mtabishana siku nzima bila sababu.

Kabla ya kuagiza vianzishi vya PCR au jeni la kutengenezewa kwa ajili ya kubadili asidi amino moja, mpe mtu wa bioinformatiki akague namba. Kosa la nafasi moja hugundulika pesa zikiwa zimeshakwenda.

Dalili ya 6: Eneo tendaji liko nusu, tupu, au rangi hazieleweki

Kinachotokea sana ni kufungua kipande cha fuwele badala ya protini nzima. Proteasi ya VVU (EC 3.4.23.16) hufanya kazi minyororo miwili ikikutana, kila mmoja ukileta Asp25 yake. Rekodi 3HVP ina mnyororo mmoja tu, kwa sababu wa pili hupatikana kwa kuuzungusha ule wa kwanza. Ukiufungua hivyo unaona nusu ya eneo tendaji, yaani mahali kazi inapofanyika, likiwa wazi upepo unapita. Pakua faili lenye neno assembly1, au chagua muundo wa kibiolojia kwenye menyu ya picha.

Kinachofuata ni asidi amino zisizoonekana. Sehemu inayocheza-cheza kwenye fuwele haiachi alama, na hivyo haiwekwi. Kwenye faili la PDB soma mistari ya REMARK 465. Kitanzi kinachokosekana kikiwa karibu na eneo tendaji, tafuta rekodi nyingine ya protini hiyohiyo, hasa yenye kizuizi ndani, kwa kuwa kizuizi hutuliza vitanzi.

Kisha soma mistari ya SEQADV, inayotaja tofauti na mfuatano wa kawaida. Watafiti wengi hukiua kimeng'enya makusudi kwa kubadili asidi amino moja, ili wakikamate na chakula chake mdomoni. Rekodi hubaki na namba ya EC ingawa protini iliyomo haifanyi kazi.

Kwa miundo ya AlphaFold kuna mawili. Faili lake halina madini wala vimeng'enya-wenza: katekoli oksidasi inahitaji shaba mbili, na mahali pake utakuta histidini zinatazamana tu. La pili ni rangi. Safu ya B kwenye muundo wa maabara ikiwa na namba kubwa, sehemu hiyo inatikisika. AlphaFold hutumia safu hiyohiyo kuandika pLDDT, alama ya uhakika wa makadirio yake, ambapo namba kubwa ni uhakika: zaidi ya 90 ni mzuri sana, chini ya 50 usiutegemee kabisa. Ukitumia rangi za moja kwa nyingine, kila kitu kinageuka kichwa chini.

Kama ligandi, yaani molekuli ndogo iliyoshikwa na protini, inaonekana imekaa ajabu, fungua ripoti ya ukaguzi ya rekodi hiyo. Baada ya hapo kinachobaki ni kutazama ramani ya msongamano wa elektroni, na hiyo ni kazi ya mtaalamu wa fuwele. Usiisogeze ligandi wewe mwenyewe ili ikae "vizuri".

Dalili ya 7: Picha ni nyeusi, faili halishuki au halifunguki

Dirisha jeusi la 3D mara nyingi ni WebGL, teknolojia ya kivinjari ya kuchora 3D, iliyozimwa. Jaribu kivinjari kingine, kisha washa uharakishaji wa michoro kwenye mipangilio. Simu yenye kumbukumbu ndogo itashindwa na muundo mkubwa hata ufanyeje.

Bando likiwa dogo, achana na kurasa. Chukua faili lenyewe likiwa limebanwa, mfano files.rcsb.org/download/1E79.cif.gz, na ulitazame nje ya mtandao kwa ChimeraX au PyMOL. Umeme ukikatika katikati, amri ya wget -c huendelea pale ulipoishia.

Programu ya zamani ikikataa, huenda inataka muundo wa zamani wa faili, ambao hauwezi kubeba zaidi ya atomu 99,999 au minyororo 62. Rekodi kubwa hutolewa kwa mmCIF tu, na ligandi mpya zenye msimbo wa herufi tano haziingii kwenye ule wa zamani. Sasisha programu. Kulikatakata faili ili litoshe huvuruga majina ya minyororo, na utarudi kwenye dalili ya 3.

Rekodi ikisema imeondolewa, fuata iliyochukua nafasi yake, kama 1HHB ilivyopisha 4HHB. Na ukiwa na hakika, baada ya ukaguzi wote huu, kwamba namba ya EC iliyoandikwa si sahihi, waandikie wahudumu wa wwPDB, shirika linaloendesha PDB, ukitaja kitambulisho, mnyororo, namba iliyopo na unayoona inafaa. Kama kosa liko upande wa UniProt, peleka huko kwanza.